Ukurasa wa Marehemu

Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa London. Kompyuta nilijifunza ukubwani, katika masomo ya jioni pale Ilford, nikitoka kazini. Kwa hiyo kampuni iliyotunza barua pepe zetu ilipotangaza kuwa itafunga seva yake Jumamosi saa sita mchana, sikutafuta fundi. Niliandaa jedwali la wanachama, nikaipa programu, nayo ikahamisha akaunti sitini na mbili kwa mkupuo mmoja hadi seva mpya. Nilijisifu.

Jumamosi hiyo, saa tano na nusu, Winifrida, mjane wa rafiki yangu Protas, alibisha hodi.

"Shemeji, akaunti ya Protas siioni."

"Imehama. Zote zimehama."

"Imehamia wapi? Southend, ufukweni, kupunga upepo?"

Nikatafuta. Haikuwapo. Katika rejista yetu walio hai hawachanganywi na marehemu. Tangu enzi za daftari, marehemu wana ukurasa wao. Kwenye jedwali la kompyuta pia niliwapa ukurasa wa pili, kwa heshima. Programu ilikuwa imesoma ukurasa wa kwanza tu.

Winifrida akaketi taratibu. "Barua ya Elinaja imo humo."

Elinaja ni binti yao, anaolewa wiki mbili zijazo. Protas, sauti ilipomkatika hospitalini, alimwandikia mkewe kwenye karatasi kwamba ameacha barua ya kusomwa arusini, iko kwenye rasimu za barua pepe yake, na isifunguliwe kabla ya siku hiyo. Winifrida hakuigusa miaka miwili.

Nikaiwasha programu upya, nikimtanguliza Protas. Ujumbe elfu tisa. Zikabaki dakika kumi na tano, na programu haijamaliza hata mia saba.

"Haitafika," nilisema. "Niifungue mwenyewe, niinakili. Funguo ninazo."

"Alikataza."

"Saa sita ikigonga hakutakuwa na cha kukataza."

Akageuza kiti, akanipa mgongo. "Fungua. Ila usisome kwa sauti."

Nilikosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu akaunti ikafunguka. Kwenye rasimu kulikuwa na barua moja tu: *Mwanangu mpenzi Elinaja,* na baada ya mkato huo, weupe. Nikashuka chini, weupe. Nikatafuta kwenye zilizotumwa, kwenye zilizofutwa, kila mahali. Sikuona kitu. Nilikuwa bado natafuta saa sita ilipogonga, na kioo kikaandika kuwa seva haipatikani.

"Umeipata?" aliuliza, mgongo bado kwangu.

"Nimeipata, shemeji."

"Ni ndefu? Alikaa na ile tableti yake ya kuandikia siku tatu nzima, namwona. Akichoka analala, akiamka anaishika tena."

Nikazima kioo.

"Ndefu," nilisema.

Akageuka, macho yamejaa machozi na uso unacheka. "Basi nichapie kwa herufi kubwa, Elinaja asihangaike kusoma. Nitaifuata Jumatano."