Mshiriki wa Kumi na Saba

Dada yangu alikuwa mshiriki wa kumi na saba katika utafiti wangu. Nilikuwa nimewapa fomu wanawake thelathini, kila mmoja aandike kwa wiki nzima anachofanya kila nusu saa: kufua, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani. Yeye nilimwingiza mwishoni, kwenye nafasi ya mmoja aliyejitoa, maana alikuwa karibu na yupo tu nyumbani. Ndivyo nilivyozoea kuwaambia watu: yupo tu nyumbani.

Alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mzuri. Mama alipopata kiharusi, miaka minne nyuma, tulikaa kikao watoto wote watatu. Kaka akasema kazi yake haimpi nafasi. Mimi nikasema ndiyo kwanza nimeanza kufundisha uchumi chuoni. Jioni dada alifunika cherehani yake kwa shuka, na jambo likawa limeisha.

Fomu yake aliijaza kwa penseli. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, aliandika: "Mama kajichafua tena. Nimembadilisha. Nimelia kidogo. Kulia sijui nijaze wapi."

Maneno hayo yalinifikisha mbali. Nilikuwa mwanachama mpya wa chama cha kimataifa cha wanauchumi wa kifeministi, watu wasioona haya kusema kwamba uchumi wa dunia umebebwa na kazi za wanawake zisizohesabiwa popote. Nilikiamini chama hicho. Bado nakiamini. Kwenye mkutano wa mwaka, ng'ambo, nilianza mada yangu kwa kumsoma dada. Profesa mmoja mwenye mvi alivua miwani akafuta macho, na kabla mkutano haujafungwa wakanipendekeza niingie kwenye halmashauri ya chama, kwa muda hadi kura ipigwe.

Nilirudi na zawadi: mfuko wa kitambaa wa mkutano, umeandikwa kwamba kutunza ni kazi. Nilimkuta dada chumbani, amemlaza mama ubavu, anampaka mafuta mgongoni. Hakugeuka.

"Jirani kanionyesha kwenye simu," alisema. "Ulivyokuwa unanisoma."

"Sikukutaja jina, dada."

"Najua. Mimi ni wa kumi na saba." Alimpachika mama mto katikati ya magoti. "Walicheka?"

"Walilia."

"Na wewe?"

Nilijifanya natafuta pa kuweka mfuko.

"Mwishoni umesema mzigo ugawanywe," aliendelea. "Wagawane akina nani?"

"Serikali, waajiri, wanaume kwenye familia..."

"Wadogo zangu humo hawamo?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kiwanda cha sare kinatafuta mkataji. Nimeenda, wamenijaribu, wamenikubali. Naanza Jumatatu."

"Jumatatu nina kikao cha halmashauri, dada! Cha kwanza!"

"Si kinafanyika kwenye kompyuta? Utakifanyia hapa."

Nilimpigia kaka. Akacheka mpaka akakohoa. "Hayo ya kutunza si ndiyo uliyosomea? Mimi hata pa kuanzia sipajui."

Jumatatu asubuhi dada aliondoka na tepu ya kupimia shingoni, kajipaka mafuta usoni, anatembea haraka. Nilikuwa nimesahau kwamba anajua kutembea hivyo.

Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini kuhusu kazi ya kumnyanyua mgonjwa, na sikuwahi kumnyanyua hata mmoja. Mama alikaza mwili. Mkono wake usiopooza ukanisukuma kifuani. Kikao kilipoanza, niliweka kompyuta juu ya kabati la dawa, nikazima kamera. Walikuwa wanajadili kutenga chumba mkutanoni kwa wanachama wenye watoto wachanga. Nikaombwa maoni. Kabla sijafungua mdomo, harufu ikanifikia. Niliporudi kwenye kompyuta, nimelowa hadi viwiko, mwenyekiti alikuwa anasema bila shaka mtandao wangu ni mbovu, na wameshapita hapo.

Jumanne mambo yakawa yale yale. Jumatano niliahirisha darasa la watu mia mbili. Alhamisi asubuhi mama alimaliza bakuli zima la uji. Nilimpangusa mdomo, nikatoka nje kwenye ngazi, nikampigia dada kazini.

"Mama hali," nilisema. "Tangu jana hagusi kitu. Anakutafuta kwa macho."

Nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma. "Nakuja," alisema.

Haikupita saa moja akawa amefika, tepu ingali shingoni. Alipitia jikoni kunawa mikono, akakawia huko. Nilipomfuata, nilimkuta ameshika bakuli ambalo sikuwa nimeliosha, uji umekauka kwenye kijiko.

"Amekula," alisema.

"Kidogo tu, asubuhi hii..."

"Amekula."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana. Akaosha bakuli, akaosha na kijiko, akavua tepu na kuikunja taratibu hadi ikawa duara dogo.

"Nenda chuoni," alisema. "Utachelewa."

Kiwandani walimpa mtu mwingine nafasi yake wiki ile ile. Mimi nilithibitishwa kwenye halmashauri kwa kura zote. Kaka alinitumia pongezi.

Dada na mimi hatujagombana. Hunipigia dawa za mama zinapokaribia kwisha, hunitajia majina yake moja baada ya jingine, kisha hukata simu. Zamani alikuwa akiniita mdogo wangu. Siku hizi ananiita mwalimu.