Pengo la Chepkemei

Chepkemei alikuwa mkaidi, na nalisema hili kwa heshima zote. Ukimwambia mvua hainyeshi leo, anaanua nguo. Kwa hivyo bintiye Jepleting alipomweleza kwamba baba anasahau watu kwa sababu ya ugonjwa, na hakuna sababu nyingine, Chepkemei alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ni mdomo wangu."

Mumewe, Hezekiah, alikuwa ameanza kusahau miaka miwili nyuma. Alisahau siku ya kanisa, akasahau jina la jirani, akauliza aliko ng'ombe aliyeuzwa zamani. Lakini mkewe alimjua. Kisha msimu wa kupanda viazi, mtamba mmoja akapiga lango teke, lango likampiga Chepkemei mdomoni, na meno matatu ya mbele juu yakaenda. Ya pembeni chini yalikuwa yamekwisha kitambo. Mdomo ukabonyea, maneno yakawa yanatoka na mluzi. Haikupita miezi miwili, Hezekiah akaanza kumshukuru kwa chai kama anayemshukuru mhudumu wa hoteli.

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Mama! Mwanamke aliyemzalia watoto sita. Chepkemei alikuwa akienda nyuma ya zizi kulia, na sioni haya kulisema, maana hata yeye hakuona. Hoja yake ilikuwa fupi: mtu aliyebadilishwa uso atatambuliwaje? Arudishiwe meno, naye atarudishiwa mume.

Basi wakateremka kutoka Mau Narok hadi Nakuru, mama na binti, kwa daktari wa meno, msichana mpole aitwaye Naliaka. Siku ya kwanza aling'atishwa kitu laini kama ugali usioiva, alama za fizi zichukuliwe. Siku ya pili akavishwa meno yenyewe, seti ya juu na seti ya chini, ya kuvaa asubuhi na kutoa wakati wa kulala. Naliaka akamshikia kioo.

"Cheka kidogo, shosho."

Chepkemei akacheka, halafu akaacha. Juu palikuwa sawa kabisa. Lakini chini, katikati, palikuwa na meno mawili asiyoyajua. Hapo palikuwa wazi tangu akiwa na miaka kumi, alipong'olewa meno mawili kama wasichana wote wa rika lake, naye hakulia, na mamake akamsifu mbele ya watu. Kuuliza si ujinga, ila hakuna aliyeuliza.

"Hata hilo pengo la katikati nimekuzibia," daktari akasema, amefurahi kweli. "Sikutaka ubaki na shimo."

Ungemwambia nini? Daktari alisimama pale kama mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa. Chepkemei akamrudishia kioo. "Umefanya vizuri, mwanangu." Jepleting akageukia ukuta asionekane akicheka. Na Chepkemei akajiambia kwamba meno mengi hayawezi kumdhuru mtu.

Walifika nyumbani alasiri. Hezekiah alikuwa kwenye benchi nje, akipukuchua mahindi. Chepkemei akafunga kitambaa vizuri, akamwendea, akacheka kwa meno yote aliyokuwa nayo.

Hezekiah akasimama. Akampa mikono miwili, kama anavyosalimiwa mkwe.

"Chamgei, mama. Karibu, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Hezekiah, ni mimi."

"Ndio, ndio," alijibu kwa adabu, kama mtu ambaye simu yake haishiki vizuri. "Keti hapo. Mwenye boma ametoka, lakini hachelewi kukama."

Machozi yakamlenga Chepkemei. "Mwenye boma ni nani?"

"Mke wangu. Chepkemei."

Jina hilo hakuwa amelisikia kinywani mwa mumewe tangu lile lango. Alishika ukingo wa benchi.

"Nitamjuaje?"

"Huwezi kumkosa. Ako na pengo hapa." Akagusa mdomo wake wa chini. "Zuri, hata usiulize. Siku ya kwanza alinichekea mtoni, nikasahau kunywesha ng'ombe, baba akanichapa." Akainama karibu. "Usimwambie nimesema. Atajidai."

Chepkemei akainuka, akaingia jikoni. Akamimina maji kikombeni, akatoa seti ya chini, akaitumbukiza humo. Ya juu akabaki nayo, maana ukaidi haukumwisha. Jepleting alitaka kusema neno, akanyamazishwa kwa mkono. Kisha Chepkemei akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaja kwa upande wa lango kama mtu anayetoka shamba. Moyo ulikuwa ukimpiga kama wa msichana. Alipofika mbele ya benchi, akafungua mdomo, akacheka kwa woga.

Hezekiah akamtazama sana.

"Umechelewa, Chepkemei," akasema. "Kuna mgeni alikuja kukutafuta. Mtu mzuri, lakini meno mengi, maskini."

Chepkemei akaketi kando yake. "Alitaka nini?"

"Hakusema. Niliona anataka kulia, ndiyo nikamwambia akungoje. Wewe ungejua la kumwambia."