Ombi la Mwenzako Juu ya Kabulanda

Mlima Kabulanda hauna huruma, na anayekuambia kwamba unazoeleka huyo hajaupanda akiwa na umri wa kuitwa bibi na goti bovu. Kila mwaka, mwezi wa nane, baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, watu wa Mwese wanaukwea kuanzia asubuhi, na siku hizi hawaukwei peke yao. Vijana wa Shanwe na Nsemulwa nao wanakodi Noah kutoka Mpanda mjini, wanakuja na raba nyeupe na spika ya kuning'iniza begani, eti wanafanya haikingi. Njia imekanyagwa mpaka imekuwa pana kama ya ng'ombe. Upana wenyewe hausaidii kitu, maana imesimama wima vilevile, na vumbi la kiangazi linateleza kuliko matope.

Vénérande alichoka kabla hajaanza. Alichoka tangu Odeta, binti yake mkubwa, aliporudi nyumbani na begi moja, mavuno ya tumbaku yalipokwisha, akasema harudi tena kwa mumewe. Ukimuuliza kwa nini, anachukua ndoo anakwenda kisimani. Majirani wakauliza, jumuiya ikauliza, katekista akauliza. Baba mdogo Séverin, ndugu wa marehemu mumewe Vénérande, akaitisha kikao cha familia akasema mchuma janga hula na wa kwao, na kwamba yeye hana meno ya kulia hilo. Akaondoka. Basi Vénérande akabaki kuwajibu watu maswali ambayo hata yeye hakuwa na majibu yake, na kazi hiyo inachosha kuliko kulima.

Ndipo akaufikiria mlima.

Kabulanda una kanuni yake, na haikuletwa na padri. Mnapanda wawili wawili. Mkifika juu kwenye msalaba, huombi lako. Mwenzako ndiye anayekuombea, kwa sauti, watu wote wasikie, nao wanaitikia Amina. Kwa hiyo njiani lazima umwambie unataka nini, na lazima uwe umemchagua mtu mwenye akili. Kilichoitikiwa Amina juu hakipingwi chini. Yupo mzee mmoja aliyeombewa na mkewe aache pombe, jambo ambalo yeye hakulitaka hata kidogo, na tangu siku hiyo hakuna kilabu Mwese nzima kinachothubutu kumuuzia. Mpaka leo anamtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

Vénérande alikuwa na ombi lake tayari kichwani: Odeta arudi kwa mumewe kwa amani. Basi. Alishakubaliana na Annonciata, shangazi yake Gaspar, mume wa Odeta, na Gaspar mwenyewe angesubiri chini ya mlima na pikipiki. Watu waitikie, Odeta ashuke, apande pikipiki, maneno yaishe. Odeta alijua habari ya mlima. Habari ya pikipiki hakuijua.

Walianza jua likiwa bado la kuvumilika. Annonciata, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu waliovuka bonde, alitangulia na mwenzake, na kila baada ya hatua chache aligeuka nyuma kuhakikisha kwamba Vénérande na binti yake bado wapo.

"Mkwe, njoo tu polepole," alisema. "Mvumilivu hula mbivu."

"Nyingine zinaozea mtini," alisema Odeta.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini Annonciata alisikia. Alimtazama Vénérande, kama mtu anayemtazama mwenye mbwa badala ya mbwa, kisha akaendelea kupanda. Vénérande aliona aibu. Alitaka kumkemea binti yake, ila pumzi ya kukemea ilikuwa imekwisha, na aliyokuwa nayo ilitosha miguu tu.

Walipanda. Nyasi zilikuwa zimechomwa moto na majivu yalipanda mpaka puani. Goti la kulia lilianza maneno yake mapema, na Vénérande akalinyamazisha kwa kutembea upandeupande. Vijana wa mjini waliwapita, wakacheka, wakaketi wakihema, wakapitwa, wakawapita tena. Msichana mmoja aliyevaa kofia ya rangi ya waridi alisimama kuwapisha.

"Shikamoo mama. Bado mbali?"

"Marahaba. Ni pale tu," alisema Vénérande.

Alisema hivyo kwa sababu hivyo ndivyo wote walivyomwambia na yeye miaka ile alipokuwa mgeni wa mlima huu, na kwa sababu mtu akiambiwa ukweli wa Kabulanda anarudi nyumbani. Odeta alicheka kidogo puani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi, na Vénérande akafurahi kuliko alivyotarajia, halafu akakumbuka pikipiki na furaha ikamkauka.

Wakapumzika kwenye kivuli cha mwamba. Vénérande alifungua kitenge, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akampa binti yake kimoja.

"Sasa niambie," alisema. "Nikuombee nini huko juu?"

"Utaomba unachotaka, mama. Si umeshapanga?"

"Kanuni ni kwamba useme wewe."

"Nikikwambia utalisema?"

Vénérande alitafuna. Kiazi kilikuwa kikavu na kilikataa kushuka. Angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa uongo, tena uongo wa njia ya msalaba. Angeweza kusema hapana, na mtoto angegeuka palepale kushuka, naye kwa kanuni angelazimika kushuka naye. Kwa hiyo alifanya kile ambacho wazazi wengi hufanya wakibanwa.

"Kula kwanza," alisema.

Odeta alikula. Alikishika kiazi kwa mkono wa kushoto.

Juu ya hapo njia inakwisha na jiwe linaanza. Watu wanaliita Mgongo, na kweli ni mgongo, mwamba mtupu ulioinama, hauna kichaka wala kivuli, una nyufa tu za kuingiza vidole na mzizi mmoja mmoja wa kushika. Hapo ndipo kanuni ya wawili wawili ilipozaliwa, nadhani, maana mtu peke yake hapiti. Mmoja anatangulia, anajishika, anashusha mkono, anamvuta mwenzake. Halafu tena. Halafu tena. Jua lilikuwa limekaa utosini na jiwe lilikuwa limeshika moto kama kikaango, na mbele yao Annonciata alikuwa anasukumwa makalio na mwenzake bila heshima yoyote.

Vénérande alitangulia. Alifika kwenye ufa wa kwanza, akalala kifudifudi, akashusha mkono wa kulia.

"Nipe mkono."

Odeta akatoa wa kushoto.

"Huo mwingine, mwanangu. Huo wa kushoto hauna nguvu, utatuangusha wote."

Odeta alisita. Kisha akatoa wa kulia, na Vénérande akaushika, akavuta, na ule mkono ukateleza kutoka kwenye wake kama sabuni. Odeta akarudi chini hatua mbili, akajigonga goti, akajishika kwenye mzizi. Vijana waliokuwa nyuma wakamdaka mgongoni.

"Shika vizuri, wewe," alisema Vénérande kwa hasira, hasira ya woga.

"Havishiki, mama."

"Nini havishiki?"

Odeta akainua mkono juu. Vidole vitatu vilijikunja. Kile kidogo na mwenzake wa jirani vilibaki vimesimama, vimepinda upande, na pale kwenye maungio palikuwa na uvimbe mgumu uliopona vibaya. Miezi yote hii, Vénérande alikuwa akimwona akifua, akimenya, akichota maji, na hakuwahi kuutazama ule mkono. Alikuwa anatazama uso, akitafuta jibu la kuwapelekea watu.

"Ulisema ulianguka kwenye bani, ukaumia kidogo tu," alisema. Bani ni lile banda la kukaushia tumbaku, lina ngazi na giza, na watu huanguka humo kweli.

"Sikuanguka." Odeta alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Nilikuwa nimetoka kuharibikiwa mimba. Nilishindwa kufunga tumbaku haraka. Gaspar akachukua mti wa kufungia, akaniambia niweke mkono juu ya benchi."

"Akakwambia uweke?"

"Akaniambia niweke. Nikaweka."

Nyuma yao mtu aliuliza kwa nini foleni haisogei. Vénérande alibaki amelala kifudifudi kwenye jiwe la moto, kifua kinaungua, na hakusogea. Kilichomuumiza si ule mti. Ni kwamba mtoto wake aliambiwa aweke mkono naye akaweka, na yeye Vénérande ndiye aliyemfundisha, siku ya kumuaga, kwamba mume akisema, mke hufanya. Akashusha mkono tena, safari hii akapita vidole, akamshika binti yake kwenye kifundo cha mkono, akamvuta kwa nguvu ambayo hakujua kwamba bado anayo.

Walipanda hivyo mpaka juu.

Juu ya Kabulanda ni uwanja mdogo wa mawe, msalaba wa mabomba ya chuma, na upepo. Ukisimama unaona vijiji vya Mwese vimetawanyika chini, na siku isiyo na moshi unaona mbali zaidi, ila siku hiyo moshi wa mashamba ulikuwa umefunika kila kitu, na waliotoka mjini kupiga picha walilalamika. Watu waliketi popote. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufurahi. Wawili wawili walikwenda msalabani, wakaombeana kazi, watoto, mvua, mume aache wanawake, na kila mara sauti zilizochoka zikaitikia.

Ikafika zamu yao. Odeta alianza.

"Namwombea mama yangu," alisema. "Apumzike. Watu waache kumuuliza habari zangu. Waniulize mimi."

"Amina," wakasema watu.

Vénérande akasimama. Annonciata alikuwa amekaa mbele, amekunja mikono, mdomo tayari. Ombi lile la kwanza bado lilikuwepo kichwani, fupi, rahisi. Angelisema, na kesho nyumbani kungekuwa kimya na watu wangemsifu kanisani. Mungu amsamehe, kwa muda mfupi sana alilitamani, jinsi mtu aliyechoka anavyotamani kukaa hata kama ni juu ya siafu.

"Namwombea binti yangu Odeta," alisema. "Asirudi kwa Gaspar. Gaspar alimvunja vidole kwa makusudi, kwa mti wa tumbaku, akiwa mgonjwa. Asirudi kabisa. Akae kwangu mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka."

Upepo ukapita. Hakuna aliyeitikia. Watu wa Mwese walitazamana, wakamtazama Annonciata, wakatazama chini, maana Gaspar ni mtoto wa watu, na neno kama hilo halijawahi kusemwa pale. Vénérande alisimama akingoja. Aliona kimya kinanenepa, akajua kwamba kikiendelea kidogo tu kitakuwa ndilo jibu.

"Amina," alisema yule msichana wa kofia ya waridi.

Wenzake wa Nsemulwa wakamfuata, wote kwa pamoja, kwa sauti nene ya vijana walioshiba biskuti. "Amina."

"Hao wageni," alisema Annonciata. "Hao hata kanuni hawaijui. Hiyo haihesabiki."

"Amina ni Amina, mama Annonciata," alisema yule mzee aliyeachishwa pombe. Alikuwa amekaa kwenye jiwe peke yake, na miaka yote alikuwa akingoja mtu mwingine abanwe na kanuni hiyo. "Mimi mlinihesabia."

Mtu akacheka. Kisha mwanamke mmoja akasema Amina, akafuata mwingine, na mwisho wakawa wengi. Annonciata akafunga kitenge chake upya.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, ila kunasimuliwa kidogo, kwa hiyo na mimi sitasema mengi. Walishuka Mgongo kwa makalio. Vénérande alimwambia binti yake habari ya pikipiki, yote, bila kujitetea, na Odeta akasema, "Nilijua tu kuna kitu. Ulinipikia viazi." Jua lilikuwa limelala walipofika chini.

Gaspar alikuwepo. Alikuwa ameosha pikipiki. Alipowaona aliwasha, akasogea mbele kwenye tangi ili kumwachia mkewe nafasi nyuma, macho ameyainamisha kwa adabu ya mkwe, maana mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hakai naye kiti kimoja. Kwa hayo Gaspar alikuwa mfano wa kijiji.

"Mama," alisema. "Poleni na mlima."

"Tumeshapoa," alisema Vénérande.

Akamwambia Odeta atangulie nyumbani na majirani. Kisha akakunja kitenge juu ya magoti, akashika bega la Gaspar kama anavyoshikwa dereva yeyote wa bodaboda, akapanda, akakaa nyuma yake kwenye kile kiti, kifua mgongoni kwake. Watu wote waliokuwa pale wakaacha walichokuwa wanafanya. Gaspar akakakamaa. Alitaka kushuka, lakini angeshuka vipi bila kumwangusha mama mkwe mbele za watu?

"Mama, sasa hivi, hii si..."

"Endesha," alisema Vénérande. "Nimechoka kutembea. Nipeleke kwako nikachukue nguo zake."