Vidonge vya Mashemeji

Muuguzi wa utafiti aliweka kikopo mezani kwa kishindo. "Mzee Dereva, hebu rudia. Mlifanya nini?"

"Tulichanganya, sista," alijibu Dereva, mstaafu wa malori, bila chembe ya haya. "Mimi na shemeji yangu huyu. Tulimwaga vidonge vyote kwenye bakuli, tukakoroga, tukagawana."

Shemeji mwenyewe, fundi cherehani, aliitikia kwa kichwa huku akijipepea kwa kofia. Sindano ya kushusha homoni za kiume ilikuwa inampandishia joto la ghafla.

Muuguzi alifumba macho. Alikwisha kuwaeleza mpaka sauti ikamkauka! Saratani ya tezi dume ilikuwa imewafika mifupani. Sindano walichomwa wote. Juu ya sindano, wagonjwa wengine walipewa kidonge kipya kinachojaribiwa, wengine kinachofanana nacho lakini hakina dawa, na hakuna aliyejua nani ana kipi.

"Tuliona tusidhulumiane," alisema Fundi. "Mkewe ni dada yangu. Mumewe akipewa unga mtupu, mimi nimtazame vipi?"

"Kwa hiyo mkaona bora wote mkose! Nusu dozi haimsaidii mtu, Fundi! Ndiyo maana majibu yenu ya damu hayaeleweki!"

Wazee waliinamisha vichwa. Muuguzi alitoka kwenda kumpigia simu daktari mkuu, akijua fika kwamba daktari anaweza kuwafuta wote wawili katika utafiti. Alibembeleza, akakaripiwa, akabembeleza tena.

Aliporudi alikuwa na vikopo vipya viwili. "Mmebaki. Mkirudia, mnaondolewa. Kila mtu na chake, tumeelewana?"

Dereva hakukigusa. "Na kama cha shemeji ndicho cha bandia, mwanangu?"

"Sijui, mzee. Hata daktari hajui. Lakini mkimeza kama mlivyoambiwa, watakaougua baada yenu hawatabahatisha."

"Hao siwajui. Huyu namjua."

Fundi ndiye aliyechukua vikopo, akakitumbukiza kimoja katika mfuko wa shati la shemeji yake. "Meza chako, bwana. Dada yangu asije akanililia mimi."

Waliondoka wameshikana mikono. Muuguzi alisogea dirishani, roho imemlainika. Kule getini wazee walikuwa wamesimama, kila mmoja akitikisa kikopo chake sikioni, kisha wakabadilishana ili walinganishe mlio.

Alifungua dirisha kwa nguvu. "Nawaona! Rudishianeni sasa hivi!"