Matanga ya Shangazi Kufuli

Mdogo wangu Aidan kaniua kitabuni, na habari za kifo changu nilizipata nikiwa nakaanga maandazi.

Mimi ni Kunegunda, mwenye mgahawa pale stendi ya Songea. Mama alipofariki, Aidan nilimlea mimi, nikamsomesha mpaka akawa mwalimu. Walimu walipoanza kukimbilia Botswana kufuata mshahara mnono, naye akaenda. Huko upweke ukamshika, akaanza kuandika hadithi za kuchekesha. Zikachapwa Dar, zikauzwa hata hapa stendi pamoja na karanga. Na mhusika mkuu ni nani? Shangazi Kufuli, mama mwenye mgahawa anayefungia sukari kabatini kama vito vya Tunduru.

Jamani! Ni kweli nafungia sukari. Nilianza zama zile za foleni za sukari, na sasa ruksa ya biashara imekuja, maduka yamejaa, lakini mkono umeshazoea. Ndiyo unitangaze? Watu wakawa wanashuka kwenye basi la Namtumbo wanauliza, "Kufuli yuko wapi tumwone?" Aidan alipokuja likizo nikamwakia kabla hajatua begi. Nikamwambia, "Nitoe kwenye vitabu vyako. Mpaka unitoe, usikanyage kwangu."

Akaondoka. Krismasi zikapita, hakuja. Nikajitia sina habari, lakini roho ilikuwa inaniuma, maana ndugu ninaye huyo mmoja tu.

Basi asubuhi hiyo akaingia Pankrasi, Mhehe anayeziba pancha nje ya mgahawa wangu. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Kwenye msiba wetu wao ndio wenye kuleta fujo, nawe huruhusiwi kukasirika. Kajifunga kanga kiunoni, kashika kitabu kipya, analia kwa sauti: "Uwii, Kufuli katutoka! Kafa ukurasa wa kwanza!"

"Nani kafa?" nikauliza.

"Nyamaza, maiti haisemi." Akabeba maandazi, akasema ni haki ya mtani. Kisha akasimama mbele ya kabati, akabinua midomo kama mimi, akaanza kuwafokea wateja: "Kijiko kimoja! Kwani baba yako ana shamba la miwa?"

Wateja hoi. Mmoja akanipa mkono wa pole, mimi mwenyewe marehemu.

"Mhehe mkubwa wewe!" nikamrushia mwiko. "Babu zetu waliwaacha babu zenu hai vitani ili wewe uje kunimalizia maandazi?" Nimekasirika na huku nacheka, sijielewi. "Lete hicho kitabu!"

Nikakisoma pale pale, maandazi yakaungua. Kweli nimekufa, tena kwa kupaliwa na chai isiyo na sukari. Mazishi yenyewe, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi. Lakini mwishoni yupo mdogo wa marehemu, mwalimu wa nchi ya mbali, aliyegombana na dada yake. Anasafiri kwa mabasi, anafika Songea watu wameshazika, wamekula, wametawanyika. Anasimama mlangoni pa mgahawa, anabisha hodi. Hakuna anayeitika. Hapo Aidan hakuweka kichekesho hata kimoja.

Nikaanza kulia, sasa kilio cha kweli. Pankrasi akaacha kutafuna. "Dada Kunegunda, vipi tena? Mimi natania tu."

"Najua. Niangalizie moto."

Nikaenda posta na aproni yangu kiunoni, nikaomba simu ya shule anakofundisha. Laini inakwaruza, nikasubiri mpaka wakamwita.

"Shikamoo dada," akasema kwa woga.

"Marahaba. Kitabu nimekisoma."

"Si ulisema nikutoe, dada? Sikujua njia nyingine."

"Nilikwambia unitoe, nilikwambia unizike?" Posta nzima ikageuka kunitazama. Nilikuwa nimejipanga kumfokea sawasawa, lakini nikajifuta macho kwa aproni. "Aidan, baba, niandike unavyotaka. Mfupi, mnene, bahili, vyovyote. Lakini njoo nyumbani. Njoo unikute."