Lango Lisilo na Kufuli

Mwaka wa nne mfululizo barua ya majaji ilikuja na maneno yale yale. Seabelo aliisoma kitana kikiwa mkononi, na mteja wake amekaa pale kitini, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeona chui.

"Shairi lina ufundi," waliandika, "lakini hatukuliona jeraha."

"Jeraha!" Seabelo akafoka. "Sasa wanataka nijikate?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mashindano yalikuwa ya watu wake mwenyewe: wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, na wote walio katika safari hiyo. Mshindi alichapishiwa kitabu. Seabelo alikuwa na miaka hamsini na minne, na hakutaka makubwa. Alitaka kitabu kimoja tu chenye jina lake mgongoni, akiweke juu ya kabati la saluni yake pale Galeshewe. Kila mwaka aliwapelekea alichokijua: kabichi za mama yake, jogoo wa jirani, mkoromo wa Otsile, mwenzi wake aliyeishi naye miaka kumi na tisa.

Otsile alicheka mpaka akashika mbavu. "Bwana we, watu wamekuja msibani, wewe unawagawia kabichi!"

"Ndiyo maisha yangu hayo."

"Basi azima ya mtu."

Akaazima. Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya chakula, aliketi akaandika jinsi mama yake alivyomfukuza akiwa na miaka kumi na saba, akamrushia viatu barabarani mvua ikinyesha, akafunga lango kwa kufuli. Mambo hayo yalikuwa yamempata mteja wake mmoja, kweli kabisa. Yeye hayakumpata. Siku Seabelo alipomwambia mama yake habari zake, mama alikuwa anachambua mboga za morogo. Hakuinua hata macho. "Na huyo mwenzio anakula morogo?" aliuliza. Likaisha. Na lango lao halijapata kuwa na kufuli. Hufungwa kwa kipande cha waya.

Akalituma, na haikupita wiki, jibu likaja. Yumo katika watano wa mwisho. "Hatimaye umetufungulia moyo," waliandika.

Mama hakuambiwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, siku hizi hatoki ila kwenda kanisani. Lakini Jumamosi ya fainali, Seabelo alipoingia ukumbi wa maktaba, alimwona mstari wa mbele na kofia yake ya ibada, mkongojo katikati ya magoti.

"Umemletaje huyu?" alimnong'oneza Otsile.

"Nimemleta? Kanileta yeye! Wateja wako wamemwambia. Alishakaa ndani ya gari kabla sijapata funguo. Wewe ungemwambia nini?"

Kwao mwanamume huheshimiwa kwa kuitwa Rra, na mwanamke huitwa Mma, yaani mama, pamoja na jina la mzaliwa wake wa kwanza. Mama yake alikuwa MmaSeabelo, na jina lake la usichana lilikuwa limesahaulika hata kanisani. Ukimpaka tope yeye, umejipaka na wewe.

Seabelo alimwendea Refentse, mwenyekiti wa majaji, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa. "Binti yangu, naomba nisome jingine. Ninalo la kabichi."

"Haiwezekani, Rra. Unasoma lililoingia fainali, au unajitoa."

Miaka minne. Alijiambia masikio ya mama yamechoka. Akapanda jukwaani akasoma haraka haraka, kwa sauti ya chini.

"Sogea kwenye kipaza sauti, Rra!" wakampigia kelele.

Akasogea. Alipofika kwenye kufuli ukumbi mzima ulikuwa unafuta macho. Mama peke yake hakulia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jirani akisengenywa.

Kila mshairi aliulizwa swali moja. Refentse akauliza, "Mama huyo, uliwahi kumsamehe?"

Kabla Seabelo hajafungua kinywa, mkongojo uligonga sakafu.

"Mama mwenyewe ni mimi," alisema MmaSeabelo, akiinuka taratibu.

Watu wote wakamgeukia.

"Mma, keti, tafadhali," Seabelo alimsihi.

"Usinikatize, naongea na wakubwa. Nilimfukuza mimi. Kufuli nilifunga mimi. Viatu nilitupa jozi mbili. Nilikosa, nimekiri. Sasa mpeni mtoto kitabu chake."

"Anadanganya!" Seabelo alipaza sauti mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. "Na mimi nimedanganya! Hakunifukuza hata siku moja! Lango letu halina kufuli, nendeni mkatazame!"

Refentse alipanda jukwaani, akamwekea mkono begani, machozi chini ya miwani. "Wengi wetu huwatetea waliotuumiza, Rra. Hilo nalo ni jeraha."

"Si jeraha! Ni waya!"

Watu wakasimama wakapiga makofi. Akapewa ushindi.

Ndani ya gari Otsile alitazama barabara tu. Mama alikuwa ameweka kofia mapajani.

"Kwa nini, Mma?"

"Miaka minne unalilia kitabu. Nikaona watu hawa wanataka mwanamke mbaya, na mwingine hayupo."

"Na jozi mbili umezitoa wapi?"

"Jozi moja ni kidogo kwa mama mkatili."

"Kanisani je?"

"MmaTshenolo wa kwaya alikaa nyuma yangu. Wameshajua." Akageukia dirisha.

Seabelo aliwaandikia majaji kuukataa ushindi. Walimjibu kwa huruma, wakamtumia namba ya mshauri nasaha. Akazunguka nyumba kwa nyumba kwa wanawake wa kanisa, akieleza. Walimkaribisha chai, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakatazamana. "Mtoto mwema huyu," walisema. "Anamsitiri mama yake." Kitabu kikaandaliwa. Aliomba shairi lile liondolewe. Walilitia ukurasa wa kwanza.

Zamani kila Jumatano wanawake wale walikuja kwa MmaSeabelo, wakafungua waya, wakachuma kabichi, wakakaa kupiga soga hadi jua lipoe. Hawakuja tena. Kabichi zikakomaa mpaka zikapasuka. Mwishowe Seabelo alizikata mwenyewe, akazipanga saluni chini ya kabati, na kila mteja aliyeketi kitini akapewa moja.

"Nzuri hizi," mmoja alisema, akiipimapima mkononi. "Umelima wapi?"

"Ni za mama yangu."

Mteja akainua macho kabatini, kwenye kitabu. "Yule? Aliyekufukuza? Na bado anakulimia?"

Seabelo alichukua kitana.

"Geuza kichwa," alisema.