Mlio wa Kisanduku cha Fundi

"Hivi mumeo kafungia nyuki ndani ya hicho kisanduku?" jirani aliwahi kumuuliza mke wa fundi redio, enzi hizo fundi yuko hai na meza yake imejaa vitu vya watu.

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Hao ndio wanaopandisha umeme wa betri utoshe taa, shemeji. Ukizidi kidogo, swichi inazima. Ukipungua kidogo, inawasha. Kama mlevi aliyeambiwa afuate mstari: hanyooki, lakini hapotei. Huo mlio ndio kuyumba kwenyewe."

"Mlevi kwenye nyumba ya mcha Mungu!" jirani akadakia. Mke wa fundi akajifanya hasikii, pini mdomoni, cherehani inakwenda.

Miaka yote aliyoshona pale, mlio ule ulikuwa chini ya kila kitu: chini ya sala yake ya alfajiri, chini ya sauti ya mumewe akizigombeza redio. Mungu alipomchukua fundi, mlio ulibaki. Mjane akiusikia, alihisi kama mtu bado yumo chumbani, ameshughulika tu.

Juzi kisanduku kikatoa moshi, kikazimika moja kwa moja. Binti yao, aliyesomea umeme, akaja na kingine alichokiunda mwenyewe. Akakifunga, akawasha. Taa ikatulia tuli, na chumba kikawa kimya.

"Mbona kimekufa?"

"Kizima, mama. Kinafanya kama cha baba, ila kinazima na kuwasha haraka mno, sikio halikipati."

Mama akakaa. Akasikia bomba la uani likidondosha maji. Hakuwahi kujua chumba chake ni kikubwa hivi.

"Hakiwezi kwenda polepole?"

"Kinaweza. Nikilegeza skrubu hii, kitauacha umeme uyumbe zaidi kabla hakijaurudisha. Lakini taa haitatulia. Chuoni wangenifelisha!"

"Mimi si mwalimu wako. Legeza, mwanangu."

Binti akalegeza. Ikaanza filimbi nyembamba.

"Bado."

Akalegeza tena. Sauti ikashuka, ikawa nzito, na mwanga ukaanza kucheza juu ya kitambaa kwenye cherehani.

"Hapo. Mungu akubariki. Usiguse tena."

Binti akabaki amesimama, anausikiliza mlio ule. Kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akakusanya vifaa vyake, akatoka.